Mbwa wako amekung'ata? Tafuta sababu kabla hujashika fimbo

Maswali ni yale yale. "Nimemlea tangu hajafumbua macho, mbona amenigeukia?" "Ana kichaa?" "Nimuue au nimpe mtu?" "Mbona anamuuma kitinda mimba tu, sisi wengine hatugusi?" Mwongozo huu ni wa mfugaji wa mbwa wa kawaida wa hapa Tabora, yule anayefungwa mchana chini ya mwembe na kufunguliwa usiku alinde.

Shika jambo moja kabla ya yote. Karibu kila mbwa hutoa taarifa kabla ya kuuma. Wengi wetu tumezoea kumchapa anapoitoa, kisha tunashangaa siku anayouma kimya kimya.

Kama umeng'atwa leo, ruka orodha inayofuata uende Hatua ya 1 sasa hivi.

Vya kuwa navyo

- Sabuni (ya kufulia inatosha) na maji ya bomba. Maji yakikatika, dumu la lita 20 na mtu wa kukumiminia.
- Dawa ya iodini ya kusafishia vidonda.
- Kadi ya chanjo ya mbwa. Kama hana, lijue hilo mapema, maana hospitali watauliza.
- Namba ya simu ya afisa mifugo wa kata yako. Itafute leo.
- Daftari na kalamu.
- Utepe wa bandeji au kanga iliyochakaa, urefu mita 1, upana kama sentimita 5.
- Konzi mbili za dagaa wakavu. Wale wadogo wanaoshuka na treni ya Kigoma wanafaa sana. Waliokolea chumvi waache.
- Mnyororo wa mita 3, pete ya chuma, na waya mnene wa mita 8 hadi 10.

Hatua ya 1: Osha kidonda dakika 15, kisha nenda hospitali

Tazama saa. Dakika 15 za maji yanayotiririka na sabuni ni ndefu kuliko unavyodhani. Watu wengi huacha baada ya mbili. Ingiza povu mpaka ndani ya tundu la jino, suuza, rudia. Ukimaliza paka iodini. Mkwaruzo uliotoa damu uoshwe vivyo hivyo, na hata mahali penye mchubuko palipolambwa.

Usiweke majivu, pilipili, mafuta ya taa, dawa ya meno wala unga wa kahawa. Usichome kwa moto. Usikimbilie kushona; mganga wa hospitali ndiye atakayeamua, na mara nyingi tundu la jino huachwa wazi.

Kuna wanaotoharisha, yaani kutakasa kwa mujibu wa dini, kwa udongo palipoguswa na mate ya mbwa. Kidonda kilicho wazi usikiguse kwa udongo kabisa, kwa sababu udongo hubeba vijidudu vya pepopunda. Tibu kwanza, habari ya kutoharisha muulize mwalimu wako wa dini ngozi ikishafunga.

Siku hiyo hiyo nenda kituo cha afya au hospitali, iwe mbwa ni wako, iwe amechanjwa, iwe kidonda ni kidogo. Zahanati nyingine hazina chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo piga simu kwanza usije ukapoteza nusu siku barabarani. Kwa aliye mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete ndiyo kubwa. Sindano za msuli mara nyingi hupangwa siku ya 0, 3, 7, 14 na 28. Zipo ratiba fupi zaidi, na kadi utakayopewa ndiyo ya kufuata. Kidonda kilichopenya ngozi kinaweza pia kuhitaji sindano ya imunoglobulini (kinga iliyo tayari) inayochomwa kukizunguka. Uliza na ya pepopunda.

Kosa linaloua watu ni kuacha baada ya sindano mbili kwa sababu "kidonda kimepona". Kirusi cha kichaa hakikai kwenye kidonda. Hupanda taratibu kwa njia ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, na dalili kwa binadamu mara nyingi hujitokeza mwezi 1 hadi 3 baadaye, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona.

Hatua ya 2: Mfungie mbwa siku 10, usimuue

Hesabu kuanzia siku aliyouma. Mfungie peke yake kwenye kibanda au stoo yenye mlango. Bakuli lisukume kwa mti mrefu. Mtu mmoja tu ahudumie, watoto wasikaribie. Mjulishe afisa mifugo.

Sababu ya siku 10 ni hii: mbwa ambaye mate yake tayari yana kirusi huugua na kufa ndani ya siku hizo. Akifika siku ya 10 akiwa mzima, anakula na kubweka kama kawaida, basi siku aliyouma mate yake hayakuwa na kirusi, na mganga anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Angalia mpangilio vizuri. Unaanza sindano kwanza, kisha unamtazama mbwa. Kungoja siku 10 ndipo uende hospitali ni kuugeuza utaratibu kichwa chini.

Dalili za kutazama: anang'ata mbao, mawe au mnyororo, sauti inakwaruza, anakataa chakula au anashindwa kumeza, mate yanachuruzika, taya linaning'inia, miguu ya nyuma inalegea. Wapo wanaopoa tu na kujificha gizani bila ukali wowote, nao ni hatari vile vile.

Onyo: mbwa anayeachama kana kwamba mfupa umemkwama kooni, usimtie mkono mdomoni. Huo ni mtego wa kichaa unaowanasa wenye huruma. Wala usimpime kwa karai la maji. Hofu ya maji ni ya binadamu mgonjwa. Mbwa mwenye kichaa anaweza kusogelea maji na hata kujaribu kunywa.

Katika siku hizo 10 usimchanje. Madhara madogo ya chanjo yanaweza kuchanganywa na dalili. Akifa au akilazimika kuuawa, kichwa kisipondwe, kwa kuwa ubongo ndio unaopimwa. Usikikate mwenyewe. Mzoga uwekwe mahali pa baridi, mbali na mbwa wengine, afisa mifugo aje.

Hatua ya 3: Andika tukio kabla halijageuka hadithi

Siku ya pili yake kila mtu nyumbani atakuwa na simulizi lake. Andika siku hiyo hiyo: saa ngapi; mahali gani hasa; nani aling'atwa na sehemu gani ya mwili; mkono wake ulikuwa unafanya nini; kulikuwa na nini ndani ya hatua tatu (chakula, mfupa, watoto wa mbwa, mbwa mwingine, mgeni); mbwa alikuwa amelala, anakula au amefungwa; alitoa ishara gani.

Mfano wa maandishi yanayofaa: "Jumanne saa 2 usiku, mlango wa jikoni. Mbwa anakula ukoko wa wali. Mtoto kapita nyuma yake kufuata ndoo. Kang'atwa paja, mara moja, kaachiwa." Maandishi yasiyofaa: "Mbwa kachachamaa bila sababu."

Chimba na matukio ya zamani, hata yale ya kuunguruma tu. Ukipata matatu, mara nyingi utaona kitu kimoja kinajirudia.

Hatua ya 4: Tafuta maumivu

Hapa ndipo wafugaji wengi huruka, na ndipo majibu mengi yalipo. Mbwa mpole wa miaka mitano aliyebadilika ghafla ni mgonjwa mpaka uthibitishe vinginevyo.

Kama yuko kwenye siku 10, mtazame kwa macho tu. Zikiisha, mfunge mdomo kwa utepe kabla ya kumgusa. Piga fundo moja legevu katikati ya utepe upate kitanzi. Simama ubavuni, siyo mbele, mvishe kitanzi nyuma kidogo ya pua na ukaze fundo juu. Zungusha ncha zote mbili chini ya taya, zipishane, zipeleke nyuma ya masikio, funga fundo la kufunguka haraka. Usizidishe dakika 5, maana mbwa hujipoza kwa kuhema mdomo wazi. Joto la Septemba na Oktoba la hapa laweza kumuua akiwa amefungwa. Usimfunge anayetapika wala anayehema kwa shida.

Kagua kwa mpangilio huu:

*Mwendo.* Mtembeze hatua 20. Anachechemea? Anainuka kwa shida?

*Masikio.* Harufu mbaya, uchafu mweusi, kutikisa kichwa mara kwa mara. Ncha za masikio zinazoliwa na inzi hufanya vidonda vinavyowasha moto. Mbwa anayeuma ukimpapasa kichwani, anza hapa.

*Shingo.* Vidole viwili vipite kirahisi chini ya mkanda. Mkanda aliovishwa akiwa mdogo hukata ngozi chini ya manyoya bila wewe kujua.

*Nyayo.* Miiba, funza, na kupe kati ya vidole.

*Macho.* Ukungu mweupe au wa buluu juu ya jicho. Kwa mbwa anayefuatana na warina asali au wawindaji porini, ugonjwa unaoletwa na mbung'o ni wa kufikiria mapema: homa, kukonda, macho kuingia ukungu. Haoni vizuri, anaguswa asipotarajia, anauma. Daktari wa mifugo humpima damu.

*Mdomo.* Acha. Harufu ya kuoza au kula upande mmoja inatosha kumpeleka kwa daktari.

Dawa za maumivu za binadamu weka mbali. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Parasetamoli yaweza kumharibu ini na damu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimmwagie kwa kipimo cha ng'ombe.

Hatua ya 5: Jifunze kusoma taarifa yake

Ishara huja kwa ngazi, kutoka ndogo kwenda kubwa. Anageuza uso. Analamba pua wakati hakuna chakula. Anapiga miayo bila usingizi. Weupe wa jicho unaonekana pembeni. Mwili unakakamaa na anaacha kuhema. Anaunguruma. Anakenua meno. Anauma hewa. Ndipo anauma ngozi.

Mkia unaotikisika si lazima uwe wa furaha. Uliolegea, unaopepea pamoja na kiuno, ni wa furaha. Uliosimama na kutikisika kwa kasi ncha tu, simama hapo hapo.

Ukiiona ishara yoyote, acha unachofanya, geuka ubavu, rudi hatua tatu bila kumkazia macho. Usimpige kwa kuunguruma. Ukimpiga hutibu hasira. Unamfundisha kuwa kuunguruma kunaleta fimbo, kwa hiyo safari nyingine ataruka ngazi hiyo. Mbwa "anayeuma bila onyo" mara nyingi ni mbwa aliyenyang'anywa onyo na mwenyewe.

Hatua ya 6: Linganisha daftari na sababu

*Aling'ata karibu na chakula, mfupa au jalala la jikoni.* Analinda. Nenda Hatua ya 7.

*Alikuwa amelala.* Kuanzia leo aitwe kwa jina kutoka mita 3, asiguswe mpaka ainue kichwa. Mbwa mzee anayesikia kwa shida, gonga ardhi kwa mguu aisikie mitetemo.

*Ni jike mwenye watoto.* Wiki tatu za kwanza mtu mmoja tu anayemzoea ndiye asogee. Mtoe nje ale, ndipo ukague watoto.

*Aliburutwa kutoka uvunguni.* Hutokea sana mvua za Novemba zikianza na radi. Mbwa aliyejificha kwa woga haburutwi. Mwache atoke mwenyewe.

*Uliingilia ugomvi wa mbwa.* Hakukulenga wewe. Alimuuma aliyekuwa karibu. Safari nyingine mwaga ndoo ya maji au gonga sufuria mbili. Mikono usiingize.

*Anamuuma mtoto.* Tazama mtoto anafanya nini, bila kumlaumu: kukumbatia shingo, kumpanda mgongoni, kuvuta mkia, kumrushia mawe akiwa amefungwa. Hilo la mawe huanza na watoto wa jirani, na mbwa hubaki na hesabu ya watoto wote. Mtoto chini ya miaka 5 asiachwe na mbwa peke yake hata dakika moja, hata mbwa akiwa malaika.

*Aling'ata alipochapwa.* Jibu unalo.

Hatua ya 7: Zoezi la bakuli, wiki nne

Ipo mbinu inayosifiwa vijiweni: kumnyang'anya mbwa bakuli katikati ya mlo "ajue nani bwana". Inazaa kinyume chake. Kila ukinyang'anya unathibitisha hofu yake kwamba mkono wako huja kuchukua. Tunataka aone mkono unakuja kuongeza.

Mlishe mara mbili kwa siku, saa zile zile, mahali pasipo na njia ya watu. Mbwa anayeshinda na njaa hadi usiku hulinda chakula kuliko aliyeshiba. Afungwe kwa mnyororo wakati wote wa zoezi.

Wiki ya 1: weka ugali wake, sogea mpaka mita 3 au pale ambapo hakakamai. Mrushie dagaa mmoja karibu na bakuli, geuka, ondoka. Mara tano kwa mlo mmoja.

Wiki ya 2: punguza nusu mita kila baada ya siku mbili, ikiwa tu anainua kichwa kwa ulegevu ukikaribia. Akikakamaa, rudi nyuma mita nzima, ukae hapo siku mbili zaidi.

Wiki ya 3: endelea hivyo hivyo mpaka umfikie. Pita ubavuni bila kusimama, dondosha dagaa, endelea na safari yako.

Wiki ya 4: mtu mzima mwingine wa nyumbani aanze tangu mita 3. Mbwa hahamishi somo moja kwa moja kutoka kwa baba kwenda kwa mama. Watoto hawashiriki kabisa.

Mfupa una utaratibu wake. Usiuvute. Rusha kitu bora zaidi, mathalani kipande cha utumbo uliochemshwa, mita 3 upande mwingine. Akikifuata, mwite zaidi ya hapo kwa kipande cha pili, mtu mwingine auokote mfupa. Usipokuwa na haja ya mfupa huo, mwachie.

Hatua ya 8: Rekebisha mahali anapofungwa

Mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia, na asiyeweza kukimbia hubaki na meno. Mnyororo wa mita moja kando ya njia ya chooni ni kutafuta balaa.

Funga waya mnene kati ya miti miwili, mita 2 juu ya ardhi. Pitisha pete, tundika mnyororo unaomruhusu kulala vizuri. Piga fundo kwenye waya kabla ya kila mti, mbali kiasi cha mnyororo kutoufikia mti, pete isipite, la sivyo atajizungushia mti ajinyonge. Kivuli kiwepo hata saa 8 mchana. Maji kwenye chombo kizito. Kisha mvute mpaka mwisho wa mnyororo, ongeza mita 1, panga mawe kufuata mstari huo. Watoto wote wa uani wajue kuwa ndani ya mawe hawaingii.

Hatua ya 9: Chanjo

Ya kwanza akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Kinga ya chanjo ya kwanza huchukua karibu mwezi kukamilika. Dawa hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Anayekuja nayo mfukoni mwa koti, mshukuru na umwache aende. Ulizia kwa afisa mifugo kampeni za karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Ikikwama

*"Nimefanya bakuli wiki mbili, bado anaunguruma."* Unakwenda haraka, au kuna mtu anamchokoza ukiwa kazini. Anza na hilo la pili.

*"Ananiuma ninapomfungua jioni."* Kagua shingo tena. Kama ni nzima, ni pupa: subiri miguu minne yote iwe chini ndipo uguse ndoano.

*"Mtoto wa mbwa wa miezi minne anang'ata vidole."* Anabadilisha meno. Simamisha mchezo, ondoka sekunde 30, mpe kitambaa kilicholowa atafune. Akitoboa ngozi, Hatua ya 1 inakuhusu bado. Udogo haumkingi na kichaa.

*"Nikimhasi ataacha?"* Kuhasi hupunguza uzururaji na ugomvi wa madume. Hakuondoi woga, maumivu wala kulinda chakula.

*"Haungurumi kabisa, anauma tu."* Huyu ni hatari kuliko mwenye kelele. Hakuna mazoezi ya nyumbani bila daktari wa mifugo, na aguswe akiwa amefungwa mdomo.

*"Ameuma watu mara tatu, vidonda vya kina, na mmoja wao ni mtoto."* Zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kumlaza kwa sindano, yaani kumuua bila maumivu. Kumpa mtu mwingine bila kumweleza ni kumhamishia hatari. Na wale wanaobeba mbwa kwenye pikipiki na kumwaga porini njia ya Sikonge au Urambo: ana njaa, hana chanjo, na kijiji cha kwanza atakachokifikia kina watoto.